Kinanda Kitufuate Sisi, Tusikifuate

Chombo kinachotawala muziki wa arusi zetu hapa Pwani siku hizi si udi, wala fidla, wala ngoma. Ni kinanda cha umeme. Mtu mmoja hukaa nyuma yake, akabonyeza hapa na pale, na mara zikasikika fidla kumi, dumbaki, gita la besi na zumari, hali wapigaji wenyewe hawaonekani. Vijana nao, katika vyumba vyao vya Kisauni, Majengo na Mtwapa, hukitumia chombo hicho hicho kutengenezea midundo ya nyimbo zao. Na kila kijana anayejikusanyia akiba yake shilingi kwa shilingi huuliza swali moja: ninunue kinanda gani?

Swali hili si dogo, wala si la kuachiwa muuza duka peke yake. Kwanza ni swali la fedha, maana kinanda kizuri kipya huweza kumaliza akiba ya miaka. Pili, na hili ndilo kubwa zaidi, ni swali la muziki wenyewe. Chombo anachokishika kijana leo ndicho kitakachoamua ni sauti zipi zitakazobaki masikioni mwa watoto wetu kesho. Sisi twasema hivi: kinanda bora kwa mtu wa Pwani ni kile kinachokubali kupiga maqamu zetu na kufuata mwendo wa ngoma zetu. Kisichokubali, hata kiwe na sauti elfu moja, ni mgeni aliyekuja kutusahaulisha lugha ya nyumbani.

Tuanze na asili ya chombo. Zamani kila kazi ya studio ilikuwa na mashine yake. Mwaka 1979, huko Sydney, Australia, Peter Vogel na Kim Ryrie walitoa mashine iliyoitwa Fairlight CMI, iliyoweza kunasa sauti yoyote ya duniani, hata ya mbwa anayebweka, kisha ikapigwa kwa vibonyezo vya kinanda. Mwaka 1980 Mmarekani Roger Linn akatoa mashine ya ngoma, LM-1, iliyobeba sauti za ngoma halisi zilizorekodiwa. Mwaka 1983 makampuni yakakubaliana juu ya MIDI, yaani lugha moja ya kuziwezesha mashine za viwanda mbalimbali kusemezana. Na mwaka 1988 kampuni ya Korg ya Japani ikatoa kinanda kiitwacho M1: sauti za vyombo, sauti za ngoma, mapambo ya mwangwi, na kinasa nyimbo cha njia 8, vyote katika sanduku moja lenye vibonyezo 61. Hiki ndicho kilicholieneza jina la wokistesheni, yaani karakana nzima ya muziki iliyobebeka kwapani.

Leo mnunuzi atakuta aina tatu dukani, na yafaa azijue asije akauziwa mbuzi kwenye gunia. Aina ya kwanza ni wokistesheni yenyewe. Katika hii unajenga wimbo tabaka kwa tabaka: ngoma kwanza, kisha besi, kisha fidla, na mashine hukumbuka yote. Korg Kronos ya mwaka 2011 ni mfano wake. Aina ya pili ni arenja. Hii huja na mitindo iliyokwisha pangwa kiwandani. Unabonyeza noti chache kwa mkono wa kushoto, na ngoma, besi na gita hufuata kama waitikiaji. Wapigaji wengi wa arusini huipenda kwa sababu mtu mmoja hugeuka kundi zima. Aina ya tatu imetokana na masanduku ya Akai MPC, ambayo ya kwanza, MPC60, ilibuniwa na huyo huyo Roger Linn ikatoka mwaka 1988. Ina vibao 16 vya mpira ambavyo hupigwa kwa vidole kama ngoma. Mwaka 2022 Akai waliviunganisha vibao hivyo na kinanda kamili, wakakiita MPC Key 61.

Basi ipi ichaguliwe? Muuza duka atakuhesabia idadi ya sauti, na atakuonyesha kioo kinachong'aa na taa za rangi. Msikilize kwa adabu, kisha ukifanyie kinanda majaribio mawili ambayo yeye hatakutajia.

Jaribio la kwanza ni la maqamu. Kinanda cha Kizungu kina noti 12, na kati ya noti moja na ya pili yake kuna nafasi iliyo sawa. Mafundi huigawa nafasi hiyo katika sehemu 100, wakaziita senti. Lakini muziki wa Kiarabu, ambao taarabu yetu imenyonya kwake, una noti zinazokaa katikati ya nafasi hizo. Chukua maqamu ya Rast inayoanzia do. Noti yake ya mi si mi ya piano, wala si ile nyeusi iliyo chini yake; imekaa baina yao, kama senti 50 chini. Na si yake ni vivyo hivyo. Bayati, Saba na Sika nazo zina noti za namna hiyo. Udi huzipiga bila taabu kwa kuwa shingo yake haina vizuizi, na fidla vile vile. Kinanda cha kawaida hakiziwezi kabisa.

Msomaji wa ukurasa huu anazijua noti hizo hata kama hajashika chombo cha muziki maishani mwake. Qari wa Kimisri huanza kisomo chake kwa Bayati, na kwa Bayati humaliza. Kisomo si muziki, wala hatuvilinganishi viwili hivi. Tunalosema ni kwamba sikio la mtoto wa Pwani limelelewa na noti hizo tangu utotoni, na likizikosa katika wimbo huhisi kuna kitu kilichopungua, ingawa halijui kukitaja.

Mzozo huu si wa leo. Mwaka 1932 ulifanyika Cairo mkutano mkubwa wa muziki wa Kiarabu chini ya ulezi wa Mfalme Fuad wa Kwanza, na moja ya mambo yaliyoleta ubishi mkali ni kama piano ikubaliwe au ikataliwe. Ajabu ni kwamba baadhi ya Wamisri ndio waliotaka piano kwa kuiona alama ya maendeleo, na wageni kama Curt Sachs, bingwa wa Kijerumani wa elimu ya vyombo vya muziki, ndio waliohofia kwamba itaziua noti za wenyeji. Huko Bara Hindi, redio ya serikali ilikipiga marufuku kinanda cha harmoniamu mwaka 1940 kwa sababu kama hiyo, na marufuku hayo hayakuanza kulegezwa mpaka mwaka 1971. Sisi hatutaki kupiga marufuku chochote. Twataja haya ili ijulikane kwamba watu wenye akili zao timamu waliliona tatizo hili mapema, na hawakuliona dogo.

Tofauti ni kwamba leo dawa ipo. Vinanda vingi vya siku hizi vina uwezo wa kushusha au kupandisha kila noti peke yake. Kampuni tatu za Kijapani, Yamaha, Korg na Roland, zote zimewahi kutengeneza arenja kwa ajili ya wapigaji wa Kiarabu: Yamaha PSR-A5000, Korg za jamii ya Pa zilizoandikwa Oriental, na Roland E-A7. Katika vinanda vya namna hii noti hushushwa kwa kubonyeza kitufe huku wimbo ukiendelea. Katika wokistesheni nyingine uwezo huo upo pia, lakini umefichwa ndani ya kurasa za mipangilio, na muuza duka huenda hajapata kuuona.

Kwa hiyo ukifika dukani, mwambie muuzaji hivi: nishushie mi na si kwa senti 50, kisha nionyeshe namna ya kuuhifadhi mpangilio huo na kuurudisha kwa kitufe kimoja. Piga do, re, mi, fa, sol, la, si, do. Ukisikia Rast, kinanda hicho kimefuzu. Akikwambia haiwezekani, au inawezekana kwa kinanda kizima tu wala si kwa noti moja moja, mshukuru uende duka la pili. Mtu aliyenunua kinanda kisichoshusha noti hubaki na Nahawandi, Ajam, Kurdi na Hijazi, maana hizo zaweza kupigwa kwa noti 12 za kawaida. Ni maqamu nzuri, lakini mpishi mwenye viungo vinne tu hawezi kuipika kila karamu.

Jaribio la pili ni la mwendo. Mashine nyingi za midundo hutoka kiwandani zikiwa zimepangwa kwa mapigo manne, kila pigo likigawanywa mara nne, jumla hatua 16. Mpango huo wafaa disko na muziki wa vijana wa Marekani. Lakini chakacha huhesabiwa kwa sita. Ngoma moja huzigawa sita hizo tatu-tatu, na nyingine huzigawa mbili-mbili, na utamu wa chakacha uko pale ngoma hizo mbili zinapopishana na kukutana tena. Hatua 16 hazigawanyiki kwa tatu. 12 zagawanyika kwa tatu na kwa mbili. Basi uliza: mashine hii yakubali hatua 12? Yakubali mwendo wa sita kwa nane? Isipokubali, utaipiga chakacha kwa kuilazimisha, nayo itatoka ikichechemea kama mtu aliyevaa kiatu cha mwenzake.

Kuna na jambo la kunyoosha mapigo. Mashine hizi zina tabia ya kulivuta kila pigo lililochelewa au kuwahi na kuliweka mahali pake barabara, kama askari katika gwaride. Mpiga ngoma hodari hapigi hivyo. Huchelewesha kidogo hapa na kuwahisha kidogo pale, na hicho kidogo ndicho kinachowainua wachezaji vitini. Roger Linn alilijua hilo, ndiyo maana MPC60 yake ilikuwa na kipimo cha kulegeza mapigo kutoka asilimia 50, ambayo ni mwendo ulionyooka, hadi 75. Chagua mashine yenye kipimo kama hicho, na inayokuruhusu kuuzima unyooshaji kabisa. Kisha jifunze kupiga kwa vidole vyako, usiwe mtu wa kuchora vidoti tu kwenye kioo.

Wale wenye arenja za Kiarabu twawatahadharisha pia. Mitindo iliyomo imepangwa kwa masoko ya Cairo, Beirut na Ghuba. Ni mizuri, na taarabu ina deni kwake, lakini si chakacha, wala si vugo, wala si goma la Lamu. Midundo hiyo utaitia mwenyewe. Kwa hiyo hakikisha kinanda chako kina sampla, yaani uwezo wa kuingiza sauti uliyoinasa mwenyewe, na kwamba kitakuruhusu kutunga mtindo wako na kuuhifadhi. Kisha wafuate wapigaji wa chapuo, vumi na msondo, unase pigo moja moja: la katikati ya ngozi, la ukingoni, la kiganja, la kidole. Nasa na pembe za vugo na tasa. Kwa muda mfupi utakuwa na hazina ambayo hakuna kiwanda cha Japani kinachoiuza.

Hapo lakini pana haki ya mtu. Mpiga ngoma uliyemnasa kwa siku moja atapigwa na kinanda chako kwa miaka, arusi baada ya arusi, naye yuko nyumbani hana kazi. Basi mlipe, mwandikiane, na jina lake litajwe panapotajwa jina lako. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inamtambua mtumbuizaji na haki zake, na mwaka 2016 ilitungwa sheria nyingine ya kulinda elimu na sanaa za jadi za jamii zetu. Hata hivyo, mwungwana hangoji sheria imkumbushe kumlipa mtu jasho lake.

Yakipita majaribio hayo, ndipo yafuate mambo ya ufundi, nayo ni haya.

Tazama umeme. Kinanda kilichotumika kilicholetwa kutoka Japani huwa cha volti 100, na cha Marekani volti 120. Umeme wetu ni 240. Wengi wamekichomeka ukutani kinanda walichokinunua kwa bei ya kutupa, kikatoa moshi kabla hakijatoa sauti. Soma maandishi yaliyo nyuma yake kwanza.

Tazama kumbukumbu yake. Vinanda vya zamani kama M1 hutunza kazi yako kwa betri ndogo iliyo ndani. Betri ikifa, kazi imekwenda. Vingine huhifadhi kwa disketi, ambazo leo kuzipata ni taabu. Kinanda cha kufanyia kazi siku hizi kiwe na mlango wa USB, na kila wimbo uwe na nakala mbili mahali mbalimbali.

Tazama ni noti ngapi zaweza kulia kwa pamoja. M1 ilikuwa na uwezo wa 16 tu. Sauti ya fidla yenye tabaka mbili, ukiipiga noti nne, imekwisha kula nane. Ongeza ngoma na besi, na zilizotangulia zitaanza kukatika katikati ya wimbo. Vingi vya leo hufikia 128 au zaidi, na hiyo yatosha.

Tazama na hewa yetu. Chumvi ya bahari na joto la Pwani huvila vyuma vya ndani ya vibonyezo. Bonyeza kila kibonyezo, kimoja kimoja, kwa nguvu na kwa upole, kabla hujatoa fedha. Ukikipeleka nyumbani, kifunike kitambaa, usikiweke dirishani pa upepo wa bahari. Tena uliza kama fundi wa kukitengeneza yupo Mombasa, au itakubidi ukisafirishe Nairobi kwa kila kibonyezo kinachokufa.

Wapo watakaosema kwamba maneno haya yote yamepitwa na wakati, kwamba kompyuta na kibodi ndogo ya kuibonyezea yatosha, tena kwa bei nafuu. Wana haki yao, na kwa kijana anayefanya kazi chumbani mwake huenda wakawa ndio wenye ushauri mwema. Hata kompyuta zimeanza kulijali suala la noti: programu ya Ableton Live, toleo la 12 la mwaka 2024, inakubali mipangilio ya noti isiyokuwa ya Kizungu. Lakini arusini, katikati ya joto na vumbi na kelele, kompyuta iliyokwama mbele ya akina mama wanaongoja ni fedheha isiyosahaulika, na hapo kinanda kilicho kamili peke yake kina faida yake. Vyovyote utakavyochagua, majaribio ni yale yale mawili. Programu isiyoijua Rast wala chakacha haina tofauti na kinanda kisichozijua.

Wazee wetu hawakuogopa vyombo vya kigeni. Udi na ganuni vilitoka Arabuni na Misri, harmoniamu ikaja kwa njia ya Bara Hindi, na Zuhura Swaleh na kundi lake hapa Mombasa waliichukua tashkota, chombo cha Kijapani chenye vibonyezo mithili ya taipureta, wakaifanya iimbe chakacha hata mtu akadhani imezaliwa Majengo. Marehemu Zein l'Abdin, aliyefariki mwaka 2016, aliushika udi wa Kiarabu na akaupigia midundo ya Lamu. Hakuna kati yao aliyetwaa chombo akaacha chombo kimpangie la kupiga. Walikitiisha kwanza, kisha wakakipiga.

Kazi hiyo sasa imewafikia vijana wetu wa vinanda, na ni ngumu kuliko ya wazee. Tashkota haikuja na nyimbo ndani yake. Kinanda cha leo huja na midundo mia tatu tayari, na uvivu ni mtamu. Mwenye kuichukua ilivyo atapata wimbo kwa nusu saa, nao utafanana na wimbo wa kijana wa Manila, wa Lima na wa Warsaw aliyenunua kinanda kama chake. Na usije msikilizaji akamtupia lawama zote mpigaji. Wenye arusi wanaotaka mtu mmoja na kinanda kimoja kwa bei ya chini kabisa, kisha wakalalamika kwamba taarabu imekufa, nao wajiulize walilipia nini.

Wahenga walituambia tusiache mbachao kwa msala upitao. Hawakusema msala usinunuliwe. Nunua, kijana wetu, nunua kizuri ukiwezacho. Lakini siku ya kukinunua, nenda dukani pamoja na mpiga udi mmoja na mpiga ngoma mmoja. Wasikilize wao kabla ya kumsikiliza muuza duka.